Siku Mbili Mombasa Ukitokea Jego: Anza na Feri, Orodha Baadaye

Leo hifadhidata na lugha za programu tunaziweka kando kidogo. Kuna jambo limekuwa likinikera na nimeona nilitoe. Watu wa huku kwetu, kuanzia Vanga na Jego hadi Lunga Lunga, wameanza kuziuliza programu za akili bandia ziwapangie matembezi. Swali lenyewe ni zuri: "Nipangie siku mbili za kuutazama Mji wa Kale wa Mombasa, watu watano, pesa si nyingi." Jibu linakuja kabla hujakohoa, limepangwa asubuhi, mchana na jioni, kila saa ina kazi yake. Mtu analipiga picha kwenye skrini, analituma kwenye kundi la familia, basi, safari imepangwa.

Mimi nasema safari hiyo haijapangwa hata kidogo.

Jioni moja nilizipa programu tatu tofauti swali hilo hilo, nikaeleza wazi kwamba tunatokea Jego, Kwale. Ya kwanza ilianza na "mkitua uwanja wa ndege". Ya pili ilitulaza Nyali, ng'ambo ya pili ya kisiwa, eti tuwe karibu na ufuo, kana kwamba mtu wa Jego amekosa bahari ya kutazama. Ya tatu ndiyo iliyonichekesha: siku ya pili ilitupeleka Wasini kutazama pomboo! Msomaji, Wasini iko kwetu. Yaani tupande gari tupite Msambweni, Ukunda na Waa, tuvuke feri, tulale, halafu asubuhi turudishwe Shimoni tukapande mashua tuangalie samaki wa jirani zetu.

Mtu anaweza kusema haya ni ya kucheka tu. Si ya kucheka. Pesa ya safari kama hii huku kwetu mara nyingi haitoki kwenye mshahara. Inatoka kwenye korosho, kwenye bixa, kwenye mzunguko wa kikundi cha akina mama. Ikiharibika haitafutwi nyingine mwakani, na watoto wanaendelea kuijua Fort Jesus kwa picha ya kitabu cha shule. Kwa wengi wetu Mombasa ni mahali pa kwenda hospitali, kortini, na kufuata karatasi za serikali. Kwenda Mombasa kutazama tu, bila shida yoyote iliyokupeleka, ni jambo ambalo wazee wengi wa hapa hawajawahi kulifanya mara moja. Ndiyo maana naona hizo siku mbili zinastahili kupangwa na mtu aliyekaa akafikiri.

Tuwe waadilifu kwa hizo programu. Hazina chuki nasi. Zimefundishwa kwa maandishi ya wasafiri wa miji ya aina fulani. Chukua Kraków, kule Poland, mji wa kale ambao umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu ile orodha ya kwanza kabisa ya 1978. Uwanja wake mkuu, Rynek Główny, ulipimwa 1257 na uko katikati. Bustani ya Planty imezunguka mji wa kale pale ulipokuwa ukuta. Ngome ya Wawel iko mwendo wa miguu tu kutoka uwanjani. Tramu zina ratiba, na ratiba hiyo iko wazi kwenye intaneti kwa yeyote anayetaka kuisoma kwa programu. Hata tarumbeta kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria hupigwa kila saa. Kwa mji kama huo orodha inatosha: andika vitu kumi, vipange kwa umbali, tembea. Ukichelewa tramu moja, nyingine iko njiani na dakika zake zinajulikana.

Sasa hapa ndipo kazi yangu inapoingia (nilijua nitaifikia tu). Ratiba za mabasi na tramu duniani huandikwa kwa mtindo mmoja unaoitwa GTFS, ulioanza 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la usafiri la mji wa Portland, Marekani. Ni faili za maandishi tu, hakuna uchawi. Moja ina vituo, nyingine ina njia, na moja kubwa ina saa ambazo gari hufika na kuondoka katika vituo. Sasa jaza faili hiyo kwa matatu ya Lunga Lunga. Inaondoka saa ngapi? Ikijaa. Safu ile inataka namba, haina mahali pa kuandika "ikijaa". Wenzetu wa Nairobi walipambana na jambo hili hili katika mradi wa Digital Matatus, uliohusisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani. Wanafunzi walipanda matatu na simu mkononi wakaandika njia na vituo, na 2014 wakatoa ramani ya matatu za mji mzima. Kazi nzuri sana. Lakini ni ya Nairobi. Mtu wa Jego akiuliza, kompyuta inajaza pengo kwa kukisia mwendo wa gari la binafsi, barabara tupu, bila feri ya kungojea.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kiprogramu kabisa: usianze na vitu unavyotaka kuona. Anza na kitu ambacho huwezi kukiamuru. Kwa safari yetu kitu hicho ni Likoni.

Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni kama kilomita 100 za lami, na kabla ya hapo kuna kipande cha Jego hadi barabara kuu. Desturi yetu ni kuondoka gizani, "tuwahi". Kwa mtu anayewahi daktari, sawa. Kwa mtalii mimi napinga. Ukiondoka baada ya alfajiri unafika Likoni wakati ule ule ambao upande mzima wa kusini unavuka kwenda kazini kisiwani. Umeshika mtoto mkono mmoja, begi mkono wa pili, na nyanya yenu wa miaka sabini anasukumwa kwenye mteremko na watu ambao wamechelewa kazini na hawana ubaya naye. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini wakati ule unalipa kwa njia nyingine. Ondokeni Jego saa mbili asubuhi, mmekunywa chai. Mtafika Likoni kama saa tano, msongamano umelegea, mtavuka mkitazama meli za Kilindini bila kukanyagwa. Na kurudi ni hesabu hiyo hiyo kwa kinyume: siku ya pili muwe mmevuka ifikapo saa nane mchana. Jioni kisiwa chote kinarudi Likoni, na hata ukishinda feri, kutafuta boda ya Jego usiku pale Lunga Lunga ukiwa na watoto si starehe.

(Wenye magari yao: tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu inawapitisha juu ya madaraja hadi upande wa Miritini bila kuiona feri. Heri yenu. Lakini mtaingia kisiwani kwa upande wa Changamwe pamoja na malori, kwa hiyo msijisifu mapema.)

Ukishaweka feri mahali pake, utaona zile siku mbili si mbili. Ni alasiri moja, usiku mmoja na asubuhi moja. Huo ndio ukweli wa hesabu, na ndiyo sababu orodha ya vitu kumi na viwili haiwezi kuingia. Wengi wakifika hapa wanasema basi, bora tuende na kurudi siku hiyo hiyo, tuokoe pesa ya kulala. Hapo ndipo tunapotofautiana kabisa. Ukienda na kurudi siku moja utaupata Mji wa Kale katika saa zake mbaya kuliko zote, kati ya adhuhuri na alasiri, jua kali, maduka mengi yamefungwa, wenyewe wamelala. Utarudi ukisema Mombasa ni kuta kuukuu tu. Afadhali mkae mwaka mzima mkiweka akiba ya usiku mmoja.

Na mlale kisiwani. Najua hapa nitagombana na mama zangu, maana kila familia ya Jego ina shangazi Likoni au mjomba Ukunda, na kulala nyumba ya wageni ukiwa na shangazi ni kama kumtukana. Lakini kitanda cha bure Likoni kinakugharimu feri mbili zaidi, na zote mbili katika saa za msongamano. Suluhisho ni kumpigia simu mapema, "Shangazi, tunakuja kwako kesho yake mchana, tukishavuka." Mnakula kwake, mnampelekea haluwa kutoka mjini, heshima imekaa, feri mmezipunguza. Hakuna programu iliyonitajia shangazi, ilhali shangazi ndiye sharti kubwa kuliko yote katika mpango huu.

Alasiri ya kwanza msiharakishe Ngome. Mkishashuka kwenye feri, Mama Ngina iko jirani, ile bustani ya ufukweni iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kutumika kwa sherehe za Mashujaa Oktoba 2019. Mibuyu mikubwa, upepo, madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Wazee wapumzishe magoti pale. Pembe za Moi Avenue mtazipita ndani ya gari, inatosha. Mtaingia Mji wa Kale baada ya swala ya alasiri, wakati milango inafunguliwa tena, watoto wanatoka chuoni, na harufu ya viazi karai inaanza. Jioni hiyo ni ya kutembea tu. Ndia Kuu yote, roshani za mbao juu ya vichwa, milango ya kuchonga, Msikiti wa Mandhry ambao huhesabiwa kuwa wa tangu karne ya 16 na bado watu wanaswali ndani, na bandari ya kale chini yake. Nyumba ya Leven iko hapo karibu. Imepata jina kutokana na meli ya Kapteni Owen, wakati Waingereza walipojitwalia ulinzi wa Mombasa kwa miaka miwili hivi, 1824 hadi 1826. Luteni Reitz, aliyeachiwa mji autazame, alikufa 1825 katika safari ya kwenda upande wa Pangani, na jina lake ndilo hilo la Port Reitz. Halafu kahawa chungu usiku, mkikaa barazani, mkisikiliza. Mimi kahawa ile naiweka juu ya makumbusho yoyote.

Asubuhi ya pili ndiyo ya Fort Jesus, na iwe saa mbili kamili, lango likifunguliwa. Mawe ya matumbawe yanahifadhi joto, na kivuli ndani ni kidogo. Kufikia saa nne jua limekaza na mabasi ya shule yanaanza kumwaga watoto. Malipo ya makumbusho ya taifa sasa hupitia eCitizen, kwa hiyo mwenye simu ahakikishe ina chaji na salio kabla ya kufika langoni. Raia ana bei yake tofauti na mgeni, bebeni vitambulisho.

Ndani, kama mna saa mbili tu, mimi ningetumia nusu yake mahali pamoja: vitu vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Machi 1696, Waomani waliizingira, na mzingiro ukadumu hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, watu ndani wakimalizwa na maradhi kuliko risasi. Meli ile ililetwa kuwaokoa, ikazama mbele ya ngome 1697, ikalala matopeni hadi wapiga mbizi walipoichimbua kati ya 1977 na 1980. Ukitoka pale ukasimama ukutani ukatazama maji, unaona mahali penyewe. Mambo mengine, kama kwamba ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, au kwamba UNESCO iliiorodhesha 2011, mtayakuta kwenye mabango.

Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Jego analo na mgeni wa ndege hana. Historia ya ngome ile inapita barabarani kwetu. Wamazrui waliotawala Mombasa waliondolewa na Seyyid Said 1837, na tawi moja likaja kukaa Gazi, hapo hapo mnapopita kabla ya Ukunda. Mbaruk bin Rashid wa Gazi ndiye aliyepigana na Waingereza 1895, na 1896 akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, mpaka huu huu wetu. Vumba Kuu, mji wa kale kuliko vingi tunavyovisifu, magofu yake yako jirani na Vanga, na habari za watawala wake zilikuwa zimeshaandikwa na Hollis 1900. Jasini, walipopigana Waingereza na Wajerumani Januari 1915, ni pale mpakani tu. Kwa hiyo watoto waambiwe haya garini, wakati wa kwenda. Wakifika ngomeni watakuwa wanafika mwisho wa hadithi waliyoianzia nyumbani. Programu inayosema safari inaanza langoni kwa tiketi imekata nusu ya kitabu.

Tahadhari chache za haraka. Msiweke Ijumaa kuwa siku ya kutazama maduka. Ramadhani mchana hakuna cha kula mtaani, ila usiku ni mzuri ajabu, mwenye kuweza aende. Mei achana nayo, mvua ya masika hugeuza vichochoro kuwa mito. Kabla ya kumpiga mtu picha, muombe. Nauli siandiki hapa, kwa sababu hubadilika na bei ya mafuta, na siku za Idi hubadilika na uso wa abiria.

Na kuna suala la saa. Mkiandikiana kwenye kundi "tukutane langoni saa 2", halafu mmoja akaiamrisha simu iweke kengele "saa 2", kengele italia saa nane, ya usiku au ya mchana, kulingana na bahati. Sijakutana bado na kalenda ya simu inayohesabu saa kwa Kiswahili, na hilo ni aibu yetu sisi waandishi wa programu tunaozungumza lugha hii. Si kazi ngumu! Ni kutoa saa sita. Kwa sasa andikeni "saa mbili asubuhi, yaani 08:00".

Kuna watakaoniuliza kwa nini nisiwapeleke Tanga, ambayo kwa Jego haiko mbali hata kidogo ukivuka Horohoro. Tanga naipenda, na mapango ya Amboni ni ya kwenda. Lakini familia ya watu watano yenye watoto na mzee ni karatasi tano za mpakani, kwa hiyo itangoje siku yake.

Kwa wenzangu wa kazi walioko pwani ya kusini: njia ya Vanga, Lunga Lunga hadi Likoni haihitaji fedha za wafadhili ili iandikwe. Inahitaji watu wanne wenye simu, wapande matatu kwa wiki mbili, waandike gari limengoja dakika ngapi kabla ya kujaa, siku gani, saa gani. Mtindo wa GTFS una faili ya kueleza gari linapita kila baada ya muda gani, badala ya saa kamili, kwa hiyo "ikijaa" inaweza kukadiriwa kwa uaminifu: dakika 20 siku ya soko, zaidi ya saa moja Jumapili alasiri, au vyovyote takwimu zitakavyosema. Vituo viingizwe kwenye OpenStreetMap kwa majina tunayoyatumia sisi wenyewe. Mimi nina faili tupu yenye safu zake tayari, na nafasi mbili Jumamosi ijayo kwa watakaotaka kuanzia stendi ya Lunga Lunga. Tukimaliza mapema, wakati wa kurudi tutashuka Gazi tupite kwenye ile njia ya mbao ya akina mama ndani ya mikoko.